Kichwani Kabeba Kapu

...nane kwa nane, hakuna mizani iliyopungua, Judy alizihesabu tena kwa kidole gumba juu ya simu huku mzee Johana akisoma matangazo mbele ya kanisa, kwaya ikutane Alhamisi, kuna ndama mweusi ameonekana karibu na zahanati, na akimaliza, mwalimu Judy atasoma shairi la kumpongeza mama yake, Gesare, aliyechuma chai hapa Kimulot miaka thelathini na mmoja na sasa anapumzika... programu ya simu ilikuwa imelitunga kabla uji haujapoa, vina vimenyooka, naye aliyefunzwa kukosoa beti hakupata pa kutia kalamu, ila Chepkorir, aliyechuma na mama mstari kwa mstari, akainamia simu, akasoma polepole, akanong'ona, "Mwalimu, huyu wa kubeba kapu kwa kichwa ni mama ya nani?"... kichwani, kweli, *Kichwani kabeba kapu, aenda bila uchovu*, amehesabu kila silabi na kapu lenyewe hakuliona, kapu alilolijua mgongoni tangu utotoni, mikono ya mama ikichuma mbele na kutupa majani nyuma ya bega bila kutazama, mabenchi matatu ya wachumaji yangeangua kicheko, na hiyo bila uchovu, Mungu wangu, bila uchovu... akafungua Biblia yake upesi, wala si kwa aibu, maana ndani kulikuwa na kile kipande cha daftari, alichokiandika Jumanne amesimama mlangoni, mama ameketi kizingitini, amelowa chepechepe, hati mbovu, neno moja limekatwa mara mbili, tone la mvua limetawanya wino, akakifungua na sauti ikatoka nzima, "Judy, nivue gambuti, mgongo umekataa kuinama," na chini yake, nilimvua, nyayo zilikuwa nyeupe, zimekunjamana... hakuna kina, mizani zimemwagika ovyo, mtunzi ndani yake akaumia, kisha ikamjia raha, ngoja, kuna soksi pia, mama alizikamua akacheka kwamba chai ya leo imekolea humo, hilo hakuliandika, kalamu, Chepkorir, nipe kalamu, akaandika juu ya paja, mstari ukipanda mlima, acha upande... na mama pale benchi la mbele, kitambaa kipya, shingo imenyooka, anangoja kusikia kama bintiye alimwona miaka yote hiyo, nilikuona, mama, nilikuona... mzee Johana bado yuko kwa ndama, ana alama nyeupe pajani, mwenyewe aje kumchukua, na Judy akatamani amalize upesi, aitwe.