Ushauri kwa Mtu wa Muyinga

Mwaka 2004, posa ya Nassoro kwa Swabra ilipokataliwa, aliona mtaa wake mzima huko Gitega, Burundi, unamcheka. Alikuwa fundi redio wa miaka ishirini na mitatu. Kila Jumamosi akawa anakwenda dukani kwa Kamran, penye kompyuta mbili za intaneti, na humo akakuta kundi la vijana waliojiita Wanaume Kamili. Hawakujuana sura. Kazi yao ilikuwa kuwasema wanawake vibaya. Nassoro alikuwa na kipaji cha maneno. Haikuchukua muda wakamwita Mwalimu, na jina likamkaa vizuri.

Siku moja mwenzao akaomba ushauri. Alikuwa mtu wa Muyinga, amechumbia msichana aliyerudi kutoka kambi za wakimbizi Tanzania, je, aoe? Mwalimu akajibu palepale kwamba msichana wa kambini ni sufuria ya harusini, kila mgeni ameshapakua. Wenzake wakacheka juma zima.

Haukupita mwezi, mjomba wake Houssein akamweleza kwamba uchumba wa Hidaya umevunjika. Hidaya alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Vita vilipochacha, mama yao alivuka naye mpaka wa Tanzania kupitia Butihinda, Nassoro akabaki kwa mjomba. Sasa walikuwa wamerudi, Hidaya anashona nguo Muyinga. Mchumba wake, Abubakari, hakutoa sababu.

Jumamosi ile mtu wa Muyinga aliandika kumshukuru Mwalimu: ameshaachana na yule msichana mshonaji. Nassoro akatambua kwamba mtu huyo ni Abubakari. Akawaandikia kwamba mshonaji huyo ni dada yake. Wakacheka kuliko mwanzo. Akajitoa kundini, asirudi tena. Siku ya nne akapanda basi la Muyinga.

Alimkuta Hidaya barazani, kwenye cherehani. Akamweleza yote huku akitazama miguu yake mwenyewe.

“Ulimwandikia nini, kaka? Nataka maneno yenyewe.”

Nassoro akamsihi asimlazimishe. Hidaya akalizuia gurudumu la cherehani kwa kiganja, akangoja. Basi akayasema. Alipoinua macho, mama yao alikuwa mlangoni.

“Mi sikujua ni we,” Nassoro akamwambia Hidaya.

“Na kama angekuwa msichana mwingine, ungekuja?”

Mama akarudi ndani bila kumkaribisha. Naye pia alikuwa amekaa kambini, miaka minane.

Nassoro akataka kwenda kwa Abubakari kusawazisha mambo. Hidaya akakataa, mwanamume anayewauliza watu asiowajua kama aoe, alisema, na abaki nao haohao. Kisha akaendelea kushona.

Mwaka uliofuata ilikuja barua ya Hidaya, mistari miwili: mama anaumwa mgongo, shamba limelala. Nassoro akaenda. Walilima siku tatu, yeye na Hidaya, na neno lile hakuna aliyeligusa. Mama alimletea Nassoro maji shambani, akayaweka chini, hatua chache kutoka alipokuwa.