Shamba la Miwa Juu ya Sinia

Kufikia saa mbili asubuhi Awinja alikuwa ameingia maduka manne ya soko la Mayoni, na katika yote manne alijibiwa kabla hajamaliza kuuliza. Duka la tano lilikuwa la Chrispinus, waliyesoma naye shule ya msingi, na kwa ajili ya urafiki huo wa zamani Chrispinus alimwacha amalize.

"Sukari hakuna, dada."

"Hata nusu kilo?"

"Hata ya kuweka kwa chai ya mgonjwa. Labda ungekuwa unachukua mche wa sabuni na pakiti mbili za majani, hapo ningeangalia huko nyuma. Siku hizi ndiyo tunauzanga hivyo. Si mimi, ni wale wananiletea."

Awinja alikuwa na nauli ya kurudi Shirere na sarafu chache za juu. Sabuni hakuihitaji. Alipokuwa bado ameegemea kaunta, msichana wa kazi wa nyumbani kwa naibu wa chifu aliingia, akasimama tu bila kusema neno, na Chrispinus akampa mfuko mweusi uliofungwa vizuri. Kilo mbili, kwa jinsi ulivyoning'inia. Msichana alitoka bila sabuni wala majani.

"Jana nilizunguka Kakamega mjini mpaka miguu ikavimba," Awinja alisema. "Chrispin, hebu angalia ng'ambo ya barabara. Ile ni nini?"

Chrispinus hakuhitaji kuangalia. Ng'ambo ya barabara ilikuwa miwa, na nyuma ya miwa hiyo miwa mingine, mpaka macho yachoke.

"Ile ni miwa," alijibu kwa aibu kidogo. "Sukari iko Nairobi."

Awinja alirudi nyumbani kwa baba yake kwa miguu. Alikuwa mpishi wa shule ya chekechea huko Shirere, na kuoka keki alifundishwa na mwalimu mmoja wa sayansi kimu ambaye yeye Awinja alikuwa akimfulia nguo. Hakuwa na jiko la kuokea. Alikuwa na sufuria mbili, mchanga wa mtoni na mkaa: mchanga ndani ya sufuria kubwa, sufuria ndogo juu ya mchanga, na makaa juu ya kifuniko. Kwa vyombo hivyo aliwafanyia jamaa zake kitu ambacho kijiji kizima kilicheka kwanza, kisha kikaja kuonja. Kila mtu wa nyumba yao, siku yake ya kuzaliwa, alipata keki ya umbo lake. Kaka yake fundi wa nguo aliokewa keki ya cherehani, yenye gurudumu na sindano. Mama yake, Nafula, alipata kuku anayeatamia mayai. Mpwa wake aliyekuwa wa kwanza darasani alipata kitabu kilichofunguliwa.

Mzee Nehemiah, baba yao, alikula cherehani, akala kuku, akala kitabu, na kila mara akauliza, "Na yangu, Mama?" Alimwita Mama kwa kuwa Awinja alirithi jina la mamake mzee.

Tatizo ni kwamba mzee hakuwa na siku. Karani aliyemwandikia kipande, yaani kitambulisho, alikisia tu mwaka, 1923, akapita. Siku ilibidi itafutwe. Mzee alikumbuka mamake akisema alimzaa wakati wa kuvuna wimbi, mikono yake ikiwa bado na makapi ya wimbi, basi wakakubaliana iwe Jumamosi ya kwanza ya Agosti, mwaka huo wa tisini na tatu. Atakuwa na miaka sabini, na itakuwa mara yake ya kwanza duniani kuambiwa hongera kwa kuzaliwa. Alipoulizwa umbo analotaka, hakufikiri hata kidogo.

"Nitengenezee shamba langu. Miwa isimame kwa laini vizuri, na mimi ndani na panga yangu."

Sasa Jumamosi ilikuwa imefika. Unga ulikuwepo, mayai yalikuwepo, siagi ya mkebe, hata kichupa cha rangi ya kijani. Mzee alikuwa ameshavaa koti lake la kanisani tangu saa kumi na mbili asubuhi, ameketi nje kama bwana harusi.

"Hakuna sukari, Baba," Awinja alisema.

Mzee alimwangalia, akaangalia shamba lake lililoanzia nyuma ya choo na kushuka mpaka mtoni. Akavua koti, akalikunja, akaingia ndani kuchukua panga.

"Baba Masinde," Nafula alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kwa woga, "hiyo miwa si yako mpaka wao wakuje kukata."

"Ni ya nani? Nani alikuwa ameinama hapo akipanda?"

Mkataba ulisema ni ya kampuni ya sukari. Mkulima alitoa ardhi, jasho na watoto wa kupalilia. Miwa ikishaota ilikuwa ya kampuni, na kuikata bila kibali chao ni wizi. Miezi ishirini na minne ilipotimia mzee alikwenda ofisini kuomba zamu ya kukatiwa. Akaambiwa ngoja. Akaenda tena, akaambiwa faili yake haionekani. Sasa miwa ilikuwa na miezi thelathini na moja, imetoa mashuke meupe kichwani, na mingine ilikuwa inaanguka na kukauka ndani kama kuni. Kila siku iliyopita ilipunguza uzito ambao mzee angelipwa, na hakuna mtu aliyeita huo wizi.

Alikata kumi na miwili, ile iliyokuwa bado na maji.

Awinja na mama yake waliimenya, wakaikatakata, wakaitwanga kwenye kinu na kuikamua kwa kitambaa. Maji yalijaa sufuria, ya rangi ya udongo. Yalichemka kwa saa tatu, Awinja akiengua povu na kukoroga, moshi ukimliza, mpaka yakabaki rojo zito la kahawia linalonata mwikoni. Alionja. Ilikuwa tamu, na ndani ya utamu ule kulikuwa na harufu ya nyasi na ya moto. Alicheka peke yake kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kosa lao lilikuwa moja. Makapi ya miwa walimtupia ng'ombe aliyefungwa kando ya njia.

Keki ilikuwa tayari mchangani, makaa juu ya kifuniko, Sammy aliposimamisha baiskeli yake. Sammy alikuwa askari wa miwa, kijana wa kijiji cha pili, mwenye shati la kaki la kampuni na rungu. Kazi yake ilikuwa kuwawinda watu wanaokata miwa usiku na kuiuza kwa wapikaji wa sukari nguru, ile ya kahawia inayopikwa vijijini. Aliangalia makapi, akaangalia ng'ombe, akafuata harufu mpaka jikoni.

"Kumbe hapa ndiyo tunapikanga nguru," alisema.

"Nguru gani, Sammy? Ni keki. Ni bathdei ya Baba."

"Bathdei ya mzee?" Sammy alicheka hasa. "Mzee wa miwa ana bathdei? Mnadhani mimi ni mtoto? Sufuria ya maji ya miwa hii hapa. Makapi yale pale. Nani alikata?"

"Mimi," mzee alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amevaa koti lake tena. "Kwa shamba langu."

"Basi twende ukaeleze mbele ya naibu."

"Ngoja nile keki yangu kwanza."

"Mzee, usinifanye nikushike mkono."

Sammy alikusanya makapi kwenye gunia kuwa ushahidi, akachukua na sufuria ya rojo lililobaki. Awinja alitaka kuwafuata lakini keki ingeungua, na baba yake aligeuka langoni akamwambia, "Mama, usiache moto wako." Akaenda, gunia likiwa mgongoni mwake yeye, maana Sammy alikuwa na baiskeli ya kusukuma.

Awinja alibaki akaoka, huku akilia waziwazi bila kujificha kwa watoto wa kaka yake waliokuwa wamekaa ukutani wakingoja sherehe. Aliikata keki ikawa mstatili, akaipaka siagi iliyopigwa kwa rojo alilokuwa ametenga kikombeni na rangi ya kijani, akachora mistari kwa uma, akasimamisha vijiti vya nyasi mstari kwa mstari. Katikati aliweka mtu mdogo wa unga, mwenye kofia na panga. Ilikuwa keki nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Akaiweka juu ya sinia, akaifunika kwa kitambaa safi na kuibeba mpaka kambini.

Kambi ya naibu wa chifu ilikuwa nyumba ya mabati yenye vyumba viwili, ofisi na stoo. Naibu mwenyewe, Osundwa, alikuwa ameketi mezani, Sammy amesimama mlangoni. Mzee Nehemiah alikuwa sakafuni. Mbele yake kulikuwa na kidau cha wino na karatasi.

"Nimemwambia baba yako mambo rahisi," Osundwa alisema. "Aweke kidole hapa akubali aliiba miwa ya kampuni. Analala kwake leo. Akikataa, analala hapo stoo mpaka Jumatatu, gari ya polisi ikuje."

"Nikiweka kidole wanafuta mkataba," mzee alisema taratibu. "Wanachukua miwa yote, na mimi sipati kitu. Hiyo ndiyo mnataka."

"Mkubwa," Awinja alisema, "ni keki tu. Mzee ametimiza sabini. Angalia mwenyewe."

Alifunua sinia. Mzee alinyoosha shingo kutoka sakafuni, akaona laini zake za miwa, akajiona mwenyewe na kofia yake, na uso wake ukafanya kitu ambacho Awinja hakuwahi kukiona. Midomo ilimcheza kama ya mtoto.

"Wewe ni fundi, msichana," Osundwa alisema. "Hii ndiyo wanakulanga mahotelini Kisumu." Akachukua kisu cha kufungulia barua, akakata pembe ya shamba, akala. Akafumba macho. "Sammy, kuja uonje."

Sammy alionja. Wakala upande wa mtoni, wakala upande wa barabara. Osundwa alikuwa kwenye kipande cha tatu, siagi ya kijani kwenye sharubu, alipouliza bila ubaya wowote, "Lakini hii sukari mlitoa wapi? Kwangu wananiwekea kilo mbili tu kwa wiki."

"Si ndiyo hiyo iko kwa gunia, mkubwa," Awinja alijibu. "Ile miwa imeibwa. Umeikula."

Sammy aliacha kutafuna.

Mzee aliinuka kwa kushika ukuta. Akavuta karatasi kwake na kuchovya kidole kwenye wino.

"Naweka," alisema. "Lakini ongeza hapo chini. Andika: Nehemiah, mwenye miwa, miaka sabini, hajaonja. Sammy, vipande viwili. Osundwa, naibu wa chifu, vipande vitatu. Halafu sisi wote tuweke kidole, twende Jumatatu pamoja na hiyo gari."

Osundwa alimeza. Ilionekana kwamba kilikwama. Akaipokonya karatasi, akaikunjakunja na kuitupa, na kwa dakika moja Awinja alidhani wameshinda. Kisha Osundwa akasema kwa sauti ndogo, "Mweke stoo," na Sammy akamshika mzee koti.

"Kwa kosa gani sasa?" Awinja alipiga kelele.

"Madharau," Osundwa alisema, akifuta sharubu.

Juu ya sinia kulikuwa kumebaki makombo, vijiti vya nyasi na yule mtu mdogo wa unga, peke yake bila shamba. Awinja alimchukua, akampitishia baba yake kwenye nafasi kati ya mabati. Alimsikia akitafuna polepole.

"Ni tamu, Mama," mzee alisema kutoka gizani. "Nenda. Waambie watoto ni tamu."

Nyumbani watoto walikuwa bado ukutani, na majirani wawili walioalikwa, wakulima wa miwa kama mzee, walikuwa wamekaa na viti vyao walivyokuja navyo. Awinja aliweka sinia tupu chini. Aliwaeleza yote, na alipofika mahali pa makombo mama yake, ambaye maisha yake yote alikuwa ameiogopa kampuni kuliko radi, aliingia ndani akatoka na panga. Alishuka nyuma ya choo, wakasikia miwa ikilia na kuanguka, mmoja baada ya mwingine, mpaka aliporudi na mzigo kichwani.

"Sherehe haijaisha," Nafula alisema. "Kila mtu achukue wake."

Walitoka njiani wote, jua likiwa bado halijazama, watoto mbele, wazee wawili na viti vyao nyuma, wakimenya kwa meno na kutafuna na kutema. Hawakuimba wala kupiga kelele. Waliopishana nao waliuliza kuna nini, na Awinja akawajibu kwamba ni bathdei ya baba yake, akawakatia kipande. Wengine waliogopa wakapita. Wengine walikaa kidogo, wakaangalia huku na huku, wakapokea.

Makapi meupe yalilala njiani kutoka jikoni kwa mzee Nehemiah hadi mlangoni mwa kambi. Giza lilipoingia Sammy alitoka na tochi akayaangalia, moja moja, mpaka njia ilipopinda. Alikuwa na gunia moja tu la kuyakusanyia.