Korido ya Dakika Sita

…na sisimami, huyu binti atasubiri mpaka saa yake iote kutu, mimi ndiye Sekhobe niliyepiga koleo mgodini mpaka shetani akatoka chini kuomba nipunguze kelele, leo nishindwe na korido ya hospitali, koni nyekundu huku, koni nyekundu kule, nenda, geuka, rudi, kama ng'ombe wa plau, dakika sita, kasema ausi Relebohile, dada mtafiti, mtoto wa juzi, tembea ntate, baba yangu, ukichoka simama, nani achoke, hebu nicheke… hapana, nikicheka kikohozi kitatoka, humu kifuani kuna vumbi la dhahabu ya watu, nimebeba utajiri wa kununua Maseru yote na chenji ibaki… geuka… na hawa watafiti nao, kila mwaka fasheni mpya ya mapafu, kama kofia, mwaka juzi walituletea vinanda vya mdomo, pulizeni wazee, mapafu yatanuke, tukapuliza mpaka mbwa wakahama wilaya, mwaka jana mazoezi ya kwenye simu, profesa anarukaruka kwenye kioo, na kwetu mtandao mpaka upande mlima, sasa mwenye pumzi ya kupanda mlima mazoezi ya nini, wakaandika, wakapigiana makofi huko kwao, wakaondoka na vinanda vyao, mwaka huu ni kundi la mazoezi ya mapafu, Jumanne na Alhamisi, baiskeli isiyokwenda popote, eti hili litabaki, litaendeshwa na muuguzi wetu wenyewe, na kweli jirani yangu 'm'e Puseletso, mama wa watu, aliyekaangwa na moshi wa jiko maisha yake yote, ameingia, sasa anateka maji mwenyewe, nimemwona, na mimi naitaka hiyo, kufika zizini kwangu bila kukaa kwenye jiwe njiani kama kuku anayetaga, ila kwanza nifaulu hapa, nafasi anapewa mzima, nani asiyejua, kule mgodini walitufungia kwenye chumba cha mvuke kutupima, panda kibao, shuka kibao, daktari anapita akitazama midomo, ukihema mdomo wazi unakabidhiwa blanketi lako na basi la nyumbani, mwenzetu Tšepiso alikohoa mara moja, kikohozi cha kitoto kabisa, jioni kitanda chake kina mtu mwingine, nikajifunza kuhemea puani huku natabasamu… geuka… ukuta unacheza, acha ucheze… na huyo kwenye benchi, Motlalepula, nilichimba naye, kafuata vidonge vyake, hakosi neno, anauliza punda huyu anakwenda harusi ya nani, namwambia ya mama yako, pumzi imenikatika hapo kwenye mama, nimeificha, binti ananitazama, ntate uko sawa, niko sawa, naweza kumbeba yeye na koni zake, na Motlalepula hacheki tena, ameshika leso mdomoni, anasema polepole, "Mimi nilifaulu, Sekhobe."

Basi hongera, nataka kumwambia, lakini anaendelea, "Nilikwenda kama farasi. Wakasema mapafu haya hayahitaji kundi. Ndiyo maana niko huku nje."

…mtihani gani huu, mshindi anafukuzwa, walioharibika ndio wanaitwa ndani, na miaka yote ile harufu ya udhaifu tu ilitosha kukutupa, sasa wanautaka, wauone, wauandike, na hakuna aliyefikiria kutuambia, ah, alisema, binti alisema ukichoka simama, lakini nani katika sisi aliwahi kuambiwa hivyo na mtu mwenye saa mkononi bila kuwa ni mtego… miguu haitaki, inajua njia moja tu, koni, geuka, tabasamu… simama wewe Sekhobe… nimesimama, nimeegemea ukuta, mdomo wazi kama pango, na nakohoa, mbele za watu, kikohozi cha miaka yote ile, kikohozi cha kuhamisha milima ya Maluti kutoka pale ilipo, vioo vinatetemeka, Motlalepula anafuta macho, binti kaja na kiti wala hajaniletea blanketi langu, nami, huku navuta hewa kwa mdomo kama samaki, nauliza kama saa imesimama.

"Haisimami, ntate," anasema. "Pumzika. Hata kupumzika nako kunahesabiwa."