Kibofu cha Diwani

Asmahani binti Isihaka alikuwa na duka la nafaka na dagaa mjini Kasulu, mtaa wa nyuma ya soko. Baba yake alikuja huku kutoka Pangani na mzigo wa kanga, akaoa, akabaki. Wateja wakubwa wa Asmahani walikuwa Warundi wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Kambi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012, alibaki na magunia saba ya dagaa wa Kigoma na paka mmoja.

Paka alikuwa wa Odilia, mteja wake wa miaka mingi. Siku ya kuondoka, Odilia alimleta ndani ya kikapu, maana kwenye mabasi ya kurudi kwao paka hakuwa na nafasi. "Umpe dagaa tu, dada," alisema huku akilia. "Hapendi kingine." Asmahani akaahidi, na hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Asubuhi dagaa, mchana dagaa, jioni dagaa, wakavu vilevile walivyotoka kwenye gunia, na chumvi yao. Maji paka aliyatazama tu, akapita. Akanenepa kama mto wa kochi. Na kwa kuwa kila asubuhi alipita duka kwa duka akikagua bila kutengeneza chochote, mtaa mzima ukamwita Diwani.

Alhamisi moja ya Julai 2013, Diwani alitoka uani mapema, akaparua udongo, akachuchumaa. Hakikutoka kitu. Akasogea hatua moja, akaparua tena, akachuchumaa tena. Hakikutoka kitu. Ilipofika saa tatu alikuwa ameacha vishimo vitano kwenye mstari mmoja.

Fundi Longinus, aliyekuwa na cherehani yake kibarazani mwa duka, aliacha kushona.

"Bi Asmahani, huyu paka anatafuta nini?"

"Choo."

"Choo hakitafutwi kwa mstari."

Alishuka na tepu yake, akapima. Kutoka shimo hadi shimo ilikuwa inchi kumi na nane, kila moja. Akapima tena kuanzia upande wa pili, ili mtu asije akasema tepu imependelea. Inchi kumi na nane. Longinus akavua miwani.

"Vita ya kwanza, Mjerumani alipokimbia kutoka Kigoma, alipita hapa hapa na masanduku ya dhahabu," alisema kwa sauti ya chini. "Babu yangu alibebeshwa moja. Alirudi nyumbani bila sanduku, na hadi anakufa hakusema liliachwa wapi."

Sauti yake haikuwa ya chini vya kutosha. Saa nne kulikuwa na majembe manne uani kwa Asmahani. Saa tano yalikuwa kumi na moja, na sururu mbili.

Asmahani hakuwa na habari na Wajerumani. Alikuwa amemwinua Diwani, na paka akalia kilio ambacho yeye hakuwahi kukisikia, kama mlango wa bati. Tumbo lilikuwa gumu. Dagaa wa asubuhi walikuwa bado kwenye kisahani. Akampigia Makarius, afisa mifugo, kijana wa Ngara aliyehamishiwa Kasulu mwaka uliopita.

"Bwana Mifugo, habari za kazi. Diwani hakojoi tangu jana."

"Mpelekeni hospitali, mama. Mimi ni wa ng'ombe."

"Ndiyo maana nakupigia wewe. Amechuchumaa uani analia, anajilamba huko chini."

Makarius akashusha sauti. "Mbele za watu?"

"Wamemzunguka na majembe."

"Wasimpige!" Makarius alipiga kelele, na simu ikakatika.

Asmahani alichukua kikapu ili ampeleke paka mwenyewe. Kwenye geti alimkuta Abbasi, mwenyekiti wa mtaa, ambaye alikuwa amekuja kukataza uchimbaji na sasa alikuwa ameshika sepetu.

"Dada Asmahani, huyo haondoki."

"Anaumwa!"

"Anaweza akawa anaumwa, sikatai. Lakini kwa sasa yeye ni ramani. Ramani ni ya mtaa mzima."

Watu wakaitikia. Mama mmoja alimshika Asmahani mkono kwa upole kabisa, kama anavyoshikwa mfiwa, akamrudisha ndani. Diwani akatolewa kikapuni, akawekwa chini, na watu zaidi ya arobaini wakanyamaza wamtazame anakwenda wapi.

Alikwenda kuchuchumaa karibu na jiko la mkaa. Wakahamisha jiko, wakachimba. Akachuchumaa ndani ya beseni la nguo. Wakalipindua beseni, wakaligonga, wakachimba pale lilipokuwa. Kisha, akijikokota na kuyumba, akapanda barazani na kuchuchumaa kwenye kapu la vipande vya vitambaa chini ya cherehani. Kila mtu akamgeukia Longinus. Baraza lile alilisakafia mwenyewe kwa saruji, na alilipenda.

"Vunjeni," alisema, na akapiga sururu ya kwanza mwenyewe.

Makarius alifika kwa pikipiki wakati saruji inaruka. Alikuwa amechomekea shati na kuvaa tai, maana alikuja kumwokoa mheshimiwa.

"Diwani yuko wapi?"

Vidole arobaini vikaonyesha kapu.

Alilitazama huku mtu akimweleza habari za hazina. Kisha akafungua tai, akapiga magoti, akampapasa paka tumboni. Uso wake ukabadilika.

"Huyu hana hazina. Huyu ana kibofu. Kimejaa, kimekuwa kama chungwa bichi. Njia imeziba. Tukimwacha hivi, kesho hatutakuwa naye."

"Ameziba na nini?" Abbasi aliuliza kwa matumaini.

"Mchanga."

Neno hilo lilipita kwa watu kama upepo. Walishauriana, kisha Abbasi akatoa uamuzi: daktari amtibu, lakini hapa hapa, mbele ya wote, na lolote litakalotoka ndani ya paka lisiondoke mtaani.

Basi Diwani akalazwa juu ya meza ya kukatia nguo. Muuguzi Yusta akaja kutoka zahanati ya jirani na glavu, chupa ya maji ya dripu na kanula ya njano, ile sindano nyembamba ya watoto wachanga. Makarius alikuwa na dawa ya kulegeza ng'ombe. Alipiga hesabu kwenye kiganja kwa kalamu, akaifuta kwa mate, akaipiga upya.

"Bi Asmahani, nikuambie ukweli. Sijawahi kumtibu paka. Chuoni tulisoma ukurasa mmoja."

"Uliusoma?"

"Niliusoma."

"Basi endelea, mwanangu."

Asmahani alishika kichwa cha Diwani kwa mikono yote miwili. Sindano ilipoingia, macho ya paka yalilegea, yakabaki wazi. "Nilimpa alichoagizwa," alisema, si kwa mtu yeyote. "Miezi saba sijamkosesha hata siku moja."

"Hiyo ndiyo shida yenyewe, mama," Makarius alisema bila kuinua macho. "Dagaa wakavu, chumvi, na maji hanywi. Mkojo unakuwa mzito, unafanya chembechembe. Dume njia yake ni nyembamba kama uzi." Akachomoa sindano ndani ya kanula, akabaki na kijibomba laini. Akakiingiza taratibu, akasukuma maji ya dripu kidogo, akavuta. Kitu kikagoma. Akasukuma tena. Jasho lilimdondoka puani. Hakuna aliyekohoa, hata waliokuwa shimoni.

Kisha ikatoka. Kwanza kijidonge cheupe kama chaki, halafu mkojo wenye damu, kwa nguvu ambayo hakuna aliyeitegemea kwa paka aliyelala. Ulimpiga Abbasi kifuani. Abbasi hakusogea, na watu wakashangilia kama goli limeingia. Asmahani alikaa chini kwenye vipande vya saruji, akalia.

Longinus alikuwa ameinama juu ya meza. Mkojo ulipotiririka uliacha punje ndogondogo, na juani zilimetameta.

"Jamani," alinong'ona.

Alizifuta zote kwa leso, akaikunja mara nne, akatembea kwenda kwa Badru sonara, mtaa mzima ukimfuata. Badru aliziweka chini ya lenzi. Akazigeuza. Akazinusa. Akaondoa lenzi jichoni, akanawa mikono kwa sabuni, ndipo akasema:

"Fundi, huu ni mkojo."

"Wa Mjerumani?"

Badru akamtazama kwa huruma. "Wa nani sijui. Mimi ninakupa majibu ya kipimo."

Waliporudi walimkuta Makarius akimweleza Asmahani jinsi ya kumlisha. Mnofu wa samaki mbichi au nyama, uchemshwe bila chumvi, apewe na supu yake. Dagaa akipewa, wachache, waliorowekwa na kumwagwa maji. Bakuli za maji ziwe tatu, sehemu tofauti. Watu walisikiliza kimya, na alipomaliza mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Na mimi je? Nakula dagaa kila siku, na huko chini mambo hayaendi vizuri."

"Mzee, mimi ni daktari wa mifugo."

"Sawa, sina haraka," mzee alisema, akapanga foleni. Nyuma yake wakapanga wanaume sita. Yusta ndiye aliyewahamisha wote kwenda zahanati, wakaenda wakinung'unika kwamba yule wa paka ana mkono mwepesi.

Mashimo yalifukiwa Jumapili, chini ya usimamizi wa Abbasi katika shati jipya. Longinus alisakafia upya baraza, na kwa wiki nzima hakutaka kuzungumza habari za babu yake.

Diwani alipona, lakini supu aliikataa. Siku ya kwanza aliinusa akaifukia kwa miguu ya nyuma, siku ya pili akaipindua. Makarius alikuja na sindano ya kumnywesha, akaondoka na mikwaruzo. Siku ya tatu Asmahani alifunga mlango wa duka mchana kweupe, akakaa sakafuni mkabala na paka, akainama juu ya bakuli, akailamba supu ile isiyo na chumvi kwa ulimi wake mwenyewe. Haikuwa na ladha yoyote. Akafumba macho, akalamba tena.

Mteja akagonga. "Bi Asmahani! Upo?"

"Subiri kidogo," alijibu bila kuinua kichwa, kwa sababu upande wa pili wa bakuli alikuwa ameanza kusikia ulimi mwingine.