Majani ya Kifudifudi

Asubuhi ile maji ya Oleta Ledford yalitoka ya kijivu tena. Aliyachuja kwa kitambaa mara mbili, akayachemsha, na bado vumbi la mawe likabaki chini ya kikombe. Kampuni ya kokoto ilikuwa imeshaula upande mmoja wa mlima. Sasa iliutaka na huu wa pili, pamoja na chemchemi ya Oleta na nyumba alimozaliwa. Akanywa kahawa hivyo hivyo, akavaa viatu vya kanisani, akashuka kwenye mkutano wa kupigia kura kibali cha kampuni. Hofu hakuwa nayo. Alikuwa na ua.

Watu wa bonde lile, huko milima ya Carolina, huliita kengele ya Machi. Theluji ikianza tu kuyeyuka, linachungulia kando ya kijito, jeupe, kingo zake kama zimekatwa na mtoto aliyeiba mkasi, juu ya majani mekundu yasiyokauka mwaka mzima. Mahali linapoota, sheria hairuhusu kupasua mawe kwa baruti. Lakini bondeni ua hilo halielekezwi kwa mdomo wala kwa ramani. Unampeleka mtu kwa miguu, mmoja tu maishani mwako. Oleta alipelekwa na mama yake. Yeye hakujaliwa mtoto, na Machi iliyopita alimpeleka Kendra Voss, binti mtaalamu wa mimea aliyetumwa na serikali ya jimbo.

Kendra alipoliona alipiga magoti kwenye matope akalia.

"Bibi, miaka yote nimeliona vitabuni tu."

"Basi nyamaza uliangalie. Vitabuni halitikisiki."

Wakakaa saa nzima. Upepo ulipopita, kengele zote kumi na mbili zikatikisika pamoja, na Oleta akaona raha aliyoisahau tangu mumewe afariki. Kisha akamfundisha kulifunika lisionekane na wapita njia: majani makavu, viganja viwili kwa kila shina, kila jani kifudifudi, ncha ielekee kijitoni. Upepo huangusha majani ovyo, mkono huyapanga.

"Usimpeleke mwingine, Bibi," Kendra alisema, kamshika mikono yote miwili. "Wezi wa maua wamejaa. Niachie mimi."

Akamwachia. Miezi saba hakufungua mdomo, na kijitoni hakutia mguu.

Leo, kwenye ukumbi wa wazima moto ulikofanyika mkutano, Kendra alikuwa mezani upande wa kampuni, kavaa fulana yao. Kazi ya jimbo alikuwa ameiacha. Alisoma ripoti bila kuinua macho.

"Juzi tumekagua kijito chote mbele ya maofisa wa kaunti. Mmea huo haukuonekana."

Oleta akasimama. "Kendra, mwanangu, si ulipiga magoti pale ukalia?"

"Bibi Ledford ni mwenyeji mkarimu sana," Kendra aliiambia karatasi. "Tulitembea pamoja, kweli. Aliyonionyesha ni maua ya kawaida."

Loo! Mwenyekiti, Roy Hensley, ambaye Oleta ndiye aliyemfundisha shule ya Jumapili utotoni, akatabasamu kwa upole wa mtu aliyeshashinda.

"Shangazi Oleta, nani mwingine amewahi kuliona?"

"Mama."

"Marehemu. Haya, tumwandikie barua?"

Watu wakacheka, hata majirani wanaochuja maji kama yeye. Baadhi walikuwa wameahidiwa kazi na kampuni.

"Twende," Oleta alisema. "Sasa hivi. Nakupeleka kwa miguu." Alijua anavunja mwiko.

Roy alitazama saa. "Twende tu, nisije nikaambiwa nimemdharau mzee." Kendra alibaki. Alisema viatu vyake havifai.

Kijitoni hapakuonekana ua wala jani jekundu. Palikuwa na majani makavu tu. Oleta akainama. Yote yalilala kifudifudi, ncha kijitoni, na hata mvua ya wiki iliyopita haikuwa imeyalowesha. Akayafukua haraka. Chini yake palikuwa na mashimo kumi na mawili ya mraba, yamekatwa kwa kisu, yakajazwa mchanga.

"Kayang'oa! Roy, ni yeye, tazama yalivyolazwa! Ni mimi niliyemfundisha!"

"Naona majani, Shangazi."

"Yamepangwa!"

"Majani ni majani. Twende, watu wanasubiri kupiga kura."

Hakwenda. Roy akashuka peke yake, na Oleta akamsikia kwenye simu akisema, "Hakuna kitu. Majani tu." Alibaki kapiga magoti pale pale alipopiga magoti Kendra. Mikono yake, kwa mazoea ya miaka hamsini, ikaanza kufunika mashimo: viganja viwili kwa kila moja, kifudifudi, ncha kijitoni.