Paa la Bibi Lupesina

Vaosa alikuwa amefunga safu ya saba ya makuti, na sasa ameuma kamba ya makumbi kwa meno huku akitamani mkono wa tatu, aliposikia kikohozi cha shemeji yake kutoka chini. Shemasi Sefulu hakuwa mgonjwa. Alikohoa kila alipofika mahali, ili watu wapate nafasi ya kujiweka sawa.

"Shemeji, shuka kidogo."

"Nikishuka atapanda nani? Sema tu, masikio ninayo huku huku."

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi alasiri, na Vaosa alikuwa akishindana na jua. Mwenye nyumba, Bibi Lupesina, mjane wa miaka sabini na minane, alikuwa ametoka hospitali siku nne zilizopita na mapafu yanayopiga filimbi. Muuguzi alisema jambo moja tu: asilowe tena. Kimbunga kiliondoka na paa lake mwaka juzi, na turubai alilopewa lilikuwa limechakaa hadi likawa chujio. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa mlimani. Tena Bibi Lupesina alisali na wale watu wa Jumamosi, familia nne za mwisho wa kijiji, na kwao jua la Ijumaa likizama hakuna kazi tena, hata ya kuchuma pilipili.

Katika kijiji kile nyumba hazina kuta. Kuna nguzo, paa na mikeka ya kuteremshwa mvua inapopiga, basi. Jirani akila unamwona, akigombana na mumewe unamwona. Kwa miaka miwili usharika mzima ulipita mbele ya turubai lile kwenda kanisani, umevaa nyeupe, na hakuna aliyeliona. Si jambo jepesi, linahitaji mazoezi.

"Nimekuja na habari njema," alisema shemasi. "Kesho wanafika wageni wa wilaya."

"Najua. Si ndio mmewawekea taa themanini mnarani?"

Taa hizo zilikuwa za msalaba mpya, nao ulielekezwa kijiji cha pili, ambako hakuna aliyeuomba.

"Taa ni mwanzo tu. Wageni wanataka kuona jinsi usharika ulivyo nuru kwa jirani. Kwa vitendo, shemeji! Sasa mimi nimewaza usiku kucha, nikaona, mbona jirani tunaye?" Akaonyesha paa kwa mkono wote, kama mtu anayeuza ng'ombe. "Kesho saa nne, kwaya nzima, vijana, akina mama wa kofia nyeupe, kila mmoja na kuti lake. Tunaliezeka kwa saa moja mbele ya wageni."

"Kesho Jumamosi."

"Ndiyo. Jumapili haiwezekani. Anayefanya kazi Jumapili baraza linamtoza nguruwe, wewe unajua."

"Kwa Bibi Lupe, dhambi ndiyo hiyo kesho yako."

"Atatuelewa. Upendo hauna siku."

"Na Jumapili?"

Shemasi alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, kwa kuwa baadaye litakuwa gumu kulisema. "Jumapili," alisema, "upendo unapumzika."

Vaosa akacheka hadi kamba ikamtoka mdomoni. Alidhani mazungumzo yamekwisha.

"Sasa nilikuwa naomba," aliendelea Sefulu kwa sauti ya chini, "hizo safu saba uzifungue."

"Nizifanye nini?"

"Uzifungue. Wakikuta paa nusu, wataona kazi ya mtu mmoja. Haipendezi. Usharika utaonekana mvivu."

"Sefulu. Mvua ile pale."

"Mungu hawezi kuleta mvua wiki ya wageni."

Vaosa hakufungua hata fundo moja. Lakini makuti yaliyobaki chini, mafungu sita, yalikatwa katika shamba la kanisa, na shemasi ndiye aliyetoa ruhusa. Alipiga mluzi, vijana wanne wakaja wakayabeba kwenda ukumbini, yakafungwe utepe. Kabla hawajaondoka, Sefulu aliwaombea. Alimshukuru Mungu kwa moyo wa kutoa. Aliomba kwa utulivu, kijiji kwa kijiji, na alipofika amina jua lilikuwa limegusa bahari.

Bibi Lupesina alikuwa amelala kwenye mkeka wake muda wote huo, upande uliokuwa mkavu.

"Amemaliza?" aliuliza.

"Amemaliza, bibi."

"Ana pumzi nzuri. Mimi angeniazima kidogo."

Kesho yake saa nne walikuja kweli, kwaya mbele, tarumbeta nyuma, kila kuti na utepe wa samawati. Wageni walikuwa wazee saba, na mkuu wao, mchungaji mstaafu aliyeitwa Aukuso, alitembea kwa fimbo. Kijana mmoja mwenye simu alikuwa amepanda mti wa mshelisheli ili apate picha ya juu. Bibi Lupesina aliketi katikati ya nyumba yake, nywele zimechanwa, Biblia mapajani, magimbi baridi ya jana kwenye majani pembeni.

"Karibuni mkae," alisema. "Nyumba ni yenu. Lakini leo hakuna atakayepanda paa langu."

Tarumbeta moja, ambayo haikusikia, iliendelea peke yake kidogo, kisha ikaona aibu.

"Bibi," shemasi alinong'ona kwa tabasamu la picha, "ni kwa ajili yako."

"Asante, mwanangu. Hata jana makuti yalibebwa kwa ajili yangu."

Mchungaji Aukuso alimgeukia Sefulu. "Hamkumuuliza?"

"Tulikusudia kumshangaza, mzee."

"Mmefanikiwa," alisema mzee, akaketi mkekani, akamega gimbi. Wenzake nao wakaketi, maana yeye ameketi. Kwaya iliimba nyimbo tatu kwa kuwa ilikuwa imezifanyia mazoezi. Kisha makuti yakalundikwa chini ya mshelisheli, na usharika ukaenda kuwapikia wageni.

Saa tisa mvua ikashuka. Haikuwa kubwa, ila ilikuwa na subira. Chini ya safu saba palibaki pakavu. Upande wa pili maji yalipita katika turubai kama wageni waliozoea mlango. Vaosa alivuta mkeka wa bibi, akavuta tena, hadi wakabaki wote wawili kwenye kona, magoti yakigusana, bibi akipiga filimbi kifuani.

Mvua ikakatika. Jua likazama. Bibi Lupesina akafumba macho, akasema sala yake fupi, akayafumbua.

"Haya. Sabato yangu imekwisha. Una mikono?"

Vaosa alipanda. Alifunga safu ya nane, ya tisa, hadi ya kumi na moja, akitupa tepe chini bila kuangalia zinapoangukia, mpaka asiweze kuliona fundo. Zilibaki safu tano. Akashuka, akaiacha ngazi imeegemea paa, na makuti akayapanga karibu nayo.

Sefulu alikuwa akipita kuelekea karamu ya wageni. Hakukohoa.

"Shemeji, itoe hiyo ngazi. Asubuhi kijiji kizima kitapita hapa kwenda ibada."

"Iache."

"Vaosa. Una nguruwe mmoja."

"Najua idadi yao."

Alisimama kidogo, kama aliyetaka kuomba, kisha akaenda zake.

"Kesho ni Jumapili yenu," alisema Bibi Lupesina kutoka konani.

"Ndiyo, bibi."

"Watakuona wote. Kuta hakuna."

Vaosa aliingiza kamba za makumbi kwenye ndoo zilainike, akachota maji zaidi, akazizamisha hadi zilipofunikwa.

"Unaamka saa ngapi?" aliuliza. "Nataka kuanza kabla ya kengele."