Saa Ine Gani?

Jedwali la Wivine lilikuwa na wanafunzi arobaini wa chuo cha Kasapa na hitimisho moja: usingizi hauhusiani na alama za mtihani. Watu kumi na wawili walikuwa wameandika jibu lilelile, “saa ine”, na alama zao zilianzia asilimia thelathini na nane hadi themanini na mbili.

Mwisho wa kuweka kazi yake ya utafiti ofisini ulikuwa alasiri ile. Bila sahihi ya Assistant Mbuyi, mwalimu aliyeisimamia, Wivine angerudia mwaka.

“Elisée iko wa kwanza mu promotion, mu darasa yote,” Mbuyi alisema. “Na analala saa ine? Umuite.”

Elisée alikuja mbio.

“Nkambo, babu yangu wa Moba, alinifundisha kuhesabu saa na jua. Saa ine ya usiku, nazima téléphone, nalala.”

“Ni kusema vingt-deux heures?”

“Voilà.”

Nyuma yake alisimama Chance, mwenye asilimia arobaini na moja, akicheka.

“Miye, saa ine ni quatre heures, saa kumi ya alfajiri. Jogoo akilia, njo naweka téléphone pembeni.”

“Na miye nilifikiri unauliza masaa,” Syntiche, naye wa wale kumi na wawili, alisema mlangoni. “Nalalaka masaa ine. Wivine, ile ni question ao ni devinette, kitendawili?”

Mbuyi alisoma swali kwa sauti: “Unalala saa ngapi?” Kisha akanyoosha mkono.

“Nenda ukaulize bote kumi na mbili, na kinywa. Téléphone inabakia hapa.”

“Assistant, namba zao ziko mule ndani!”

“Miguu iko inje.”

Wivine alizunguka mabweni yote. Alirudi kabla ya saa sita mchana, viatu vikiwa vyekundu kwa vumbi. Watano walilala kwa saa ya Elisée: wastani wao, asilimia sabini na tatu. Wanne walimngoja jogoo: arobaini na nne. Watatu walikuwa wamehesabu masaa: arobaini na saba. Jedwali sasa lilisema kitu.

Mbuyi alitia sahihi. Simu ya Wivine ilikuwa ikitetemeka mezani, lakini alikuwa hajairudisha.

“Na weye, unalalaka saa ngapi?”

“Saa ine, Assistant.”

“Gani?”

Wivine alifikiri. Somo la kwanza lilianza saa mbili asubuhi, yaani saa nane ya kizungu, na aliamka saa hiyohiyo, mwalimu akiingia darasani.

“Ya jogoo,” alisema, “na ya masaa. Zote mbili.”

Mbuyi alichukua kalamu, akaongeza kwenye jedwali mstari wa arobaini na moja, wa Wivine mwenyewe.